Uzi: Siku tatu kwa baiskeli kwenye nchi ya makaa ya mawe, kaskazini mwa Ufaransa (Arras – Vimy – Lens – Arenberg)

Mwendesha Taratibu (mleta uzi)

Wakuu, salaam nyingi. Kwenye uzi wa tairi mdau mmoja aliniuliza mtu anafuata nini na baiskeli ya barabarani kaskazini mwa Ufaransa, kusiko na mlima wa maana, wakati nchi hiyohiyo ina Alps na Pyrenees. Nikaahidi jibu refu. Nimerudi wiki mbili zilizopita baada ya siku tatu za kuzunguka kutoka Arras hadi msitu wa Arenberg. Nilifuata makaa ya mawe, nikarudi na vita kichwani, kwa sababu kule vitu hivyo viwili vimelala kwenye udongo mmoja.

Kwa asiyelijua eneo: ni ukanda wa takriban kilomita 120 unaokatisha Nord na Pas-de-Calais. Makaa yaligunduliwa Fresnes-sur-Escaut mwaka 1720. Shehena ya mwisho ilitolewa Oignies tarehe 21 Desemba 1990, na mwaka 2012 UNESCO ikaingiza sehemu nyingi za ukanda huu kwenye Urithi wa Dunia: minara ya migodi, nyumba za wachimbaji zilizopangwa safu kwa safu, na vile vilima vyeusi vya vifusi ambavyo wenyewe wanaviita terril. Kuanzia 1914 mstari wa mbele wa Vita ya Kwanza ya Dunia ulipita juu ya yote hayo. Wajerumani walikuwa wameishika Lens na mashimo yake, Wafaransa na Waingereza wako kilomita chache magharibi, wanayaona makaa yao wenyewe kwa macho na hawawezi kuyafikia.

Siku ya kwanza nilianzia ngome ya Arras, kwenye ukuta ambako Wajerumani waliwapiga risasi wapinzani 218 kati ya 1941 na 1944, hiyo ikiwa tayari vita ya pili. Wengi wao walikuwa wachimba makaa. Mwishoni mwa Mei 1941 mgomo ulianzia shimo la Dahomey, Montigny-en-Gohelle, ukaenea hadi wachimbaji karibu 100,000 wakaweka zana chini, na hapo nchi iko chini ya jeshi la Hitler! Nilisimama pale kabla sijatoa jasho hata tone, na nafurahi nilianzia hapo, kwa sababu baadaye kila nilipopita mbele ya nyumba za wachimbaji niliwaza nani alitoka mlango ule asubuhi ile.

Kutoka Arras nilishika njia ya Mont-Saint-Éloi. Kuna minara miwili ya abasia imebaki peke yake juu ya kilima, vichwa vyake vimekatwa na mizinga ya 1915. Unaiona kwa mbali sana, na upepo wa pembeni unakusukuma njia nzima. Kisha Neuville-Saint-Vaast, kwenye makaburi ya Wajerumani. Misalaba myeusi, kila mmoja una majina hadi manne, na wanajeshi waliolala pale ni 44,833. Sikukaa muda mrefu. Pale hakuna duka, hakuna bendera, mabasi ya wageni hayasimami, ni nyasi na miti tu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo nilipoelewa kitu ambacho ramani haikuwahi kunionyesha. Ukiifuata Vimy kutoka magharibi, ardhi inapanda polepole mno. Nilibadilisha gia mara moja tu. Kilele kina mita 145 juu ya usawa wa bahari. Unaweza kukipita huku unakunywa maji. Unafika kwenye mnara wa Wakanada, unazunguka upande wa pili, na ardhi inaporomoka ghafla chini yako. Mbele yako ni uwanda wa Douai wote: Lens, njia za reli, na vilima pacha vya Loos vimesimama vyeusi kama vimechorwa. Aliyekaa juu pale aliona kila mkokoteni wa adui uliosogea, na mgongoni kwake alikinga migodi. Tarehe 9 Mei 1915 Divisheni ya Morocco ya jeshi la Ufaransa ilifika kileleni kwa mwendo wa ajabu, lakini askari wa akiba walikuwa mbali na wakasukumwa kurudi. Wakanada walikichukua Aprili 1917, kwa mara ya kwanza divisheni zao zote nne zikipigana pamoja. Siku nne, 3,598 walikufa. Kwa mita ambazo mimi nilizipanda bila hata kusimama kwenye pedali.

Nililia kidogo pale, siwafichi.

Mnara wenyewe, kazi ya Walter Allward, ulizinduliwa 1936 na umechongwa majina 11,285 ya Wakanada waliokufa Ufaransa na miili yao haikupatikana. Pembeni bado kuna mashimo ya mizinga yaliyoota nyasi, yamezungushiwa uzio, na wanaokata nyasi humo ni kondoo, kwa kuwa chini bado kuna mabomu. Usiingize mguu wala gurudumu. Baki kwenye lami.

Nikashuka Souchez nikapanda Notre-Dame-de-Lorette. Huu ndio mwinuko wa kweli wa siku. Ukitokea Ablain-Saint-Nazaire, chini kuna kanisa la zamani lililoachwa gofu kama vita ilivyoliacha, halafu barabara inakaza hadi juu, mita 165. Huko kuna makaburi makubwa kuliko yote ya kijeshi ya Ufaransa, zaidi ya watu 40,000, na mbele yake Pete ya Kumbukumbu iliyofunguliwa 11 Novemba 2014. Mnaiwazia mnara? Hapana, ni duara refu la kuta, na ndani yake majina 579,606 ya waliokufa kwenye eneo hili, kwa alfabeti tu. Hakuna cheo, hakuna nchi. Mjerumani, Mfaransa, Mhindi na Mwingereza wanafuatana kwa herufi. Nilitembea nikiisukuma baiskeli kando ya ukuta wa nje hadi nikaona aibu na mlio wa cheni, nikaiacha mlangoni.

Nililala Lens. Siku ya pili na ya tatu naleta jioni.

Msoma Ramani

Mkuu, umeandika vizuri na nimesoma yote. Ila niseme kinachonikera, usinichukulie vibaya. Mimi siwezi kwenda makaburini na suruali ya kubana, miwani ya rangi na kompyuta ya usukani inahesabu mapigo ya moyo. Watu 40,000 wamelala pale, wewe unatafuta mwinuko. Mahali pa namna hiyo mtu aende kwa miguu, amevaa kwa heshima, na aende kwa sababu hiyo tu.

Mwendesha Taratibu

Ndugu Msoma Ramani, sijachukulia vibaya hata kidogo. Swali hilo nilienda nalo. Kompyuta niliizima kwenye lango la Vimy na sikuiwasha hadi Lens, kwa hiyo siku ile sina hata takwimu za kuwawekea hapa. Mavazi, nilibeba suruali nyepesi na fulana mfukoni, nikavaa juu. Lakini kuhusu kwenda kwa sababu hiyo tu, hapo nitatofautiana nawe. Ningekuja na gari ningeshuka Vimy, ningesoma kibao, ningepiga picha. Kwamba magharibi kunapanda taratibu na mashariki kunakatika ghafla ningekisoma tu kama sentensi. Nimekielewa kwa mapaja yangu.

Niendelee na siku ya pili.

Lens yenyewe ilibomolewa karibu yote. Wajerumani waliyajaza maji mashimo ya migodi na kuivunja mitambo, baada ya vita ikabidi waanze upya, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile unachokiona leo ni cha miaka ya 1920 na baadaye. Jumba la Louvre-Lens, lililofunguliwa Desemba 2012, limejengwa juu ya eneo la shimo namba 9. Niliingia nikiwa bado na vumbi la jana.

Kutoka hapo Loos-en-Gohelle ni pua na mdomo. Terril pacha za shimo namba 11/19 zinafika mita 186 juu ya usawa wa bahari, zinatajwa kuwa ndefu kuliko zote Ulaya. Hazipandiki kwa baiskeli ya barabarani, ni mawe meusi yanayoteleza. Funga baiskeli chini, panda kwa miguu, ichukulie kama nusu saa ya jasho. Juu upepo ulinipiga karibu kunitoa kofia. Na kitu cha kushangaza: ukitazama kusini unaiona Vimy, mlima wa Mungu, na wewe unayetazama uko juu ya mlima wa watu, uliojengwa toroli kwa toroli kutoka chini ya ardhi, na wa watu ni mrefu kuliko wa Mungu.

Upepo huo ndio habari ya Loos. Tarehe 25 Septemba 1915 Waingereza walishambulia hapa, na ndiyo mara yao ya kwanza kutumia gesi ya sumu, klorini kwenye mitungi. Gesi ya mitungi inategemea upepo uipeleke kwa adui. Asubuhi ile upepo ulikuwa mdogo na wa kuyumba, na sehemu nyingine gesi ilisimama au ikawarudia wenyewe. Sisi waendesha baiskeli tunajua upepo wa uwanda ule ulivyo: unageuka kila unapopita nyumba, kila unapotoka nyuma ya kilima cha vifusi. Nilipita kwenye makaburi ya Dud Corner, kando ya barabara ya Béthune, ambako kuta zina majina zaidi ya 20,000 ya wasiojulikana walipolala. Mmoja wa vijana waliopotea kwenye mapigano yale ni John, mtoto wa mwandishi Rudyard Kipling, umri miaka 18. Kuna ngazi hadi juu ya ukuta wa makaburi. Panda. Unauona uwanja wote wa vita, na ni tambarare tupu, hakuna hata mti wa kujificha.

Angalizo: barabara hiyo ya Lens–Béthune ina magari mengi na malori. Nilitumia njia za vijijini na kuivuka tu ilipobidi.

Cheni Kavu

Naishi Lille, njia hizo ni zangu za Jumapili. Mleta uzi amesema kweli tupu. Naongezea ya siku ya tatu kabla hajafika, asije akaharakisha Arenberg.

Tairi: kama unagusa mawe, upana wa milimita 28 ni kujitesa, weka 32. Mimi nina kilo 75, najaza upepo wa bari 4 na kidogo. Njia ya mawe ya Arenberg ina urefu wa kilomita 2.3, imenyooka kama rula ndani ya msitu, na mawe yake hayajakaa sawa hata mawili. Ukiingia, ingia kwa kasi na gia nzito, mikono ilegee kwenye usukani. Anayekamata usukani kwa nguvu ndiye anayeanguka. Kukiwa na unyevu, usiingie. Kuna njia ya udongo pembeni, itumie bila aibu.

Iliingizwa kwenye mbio za baiskeli za Paris–Roubaix mwaka 1968, na aliyeipendekeza ni Jean Stablinski, bingwa wa dunia wa baiskeli wa 1962, mtoto wa wahamiaji wa Kipolandi. Alikuwa amefanya kazi kwenye mgodi wa Arenberg alipokuwa kijana. Kwa hiyo yeye alipita chini ya mawe yale kama mchimbaji, na juu yake kama mshindani. Jiwe la kumbukumbu yake liko pale mwanzoni mwa njia. Nyuma yake unaona minara mitatu ya mgodi, uliofungwa 1989.

Na lile jina la "Jehanamu ya Kaskazini" watu wanadhani ni la mawe. Ni la vita. Mwaka 1919, kabla ya kurudisha mbio, walipita kuikagua njia wakakuta nchi imegeuzwa: miti imekatika, vijiji havipo, matope na seng'enge. Ndipo jina likazaliwa.

Jasho la Asubuhi

Nimejifunza mengi humu. Maswali yangu matatu: (1) usalama wa barabara kwa mgeni, (2) treni zinakubali baiskeli? (3) mmetaja Divisheni ya Morocco. Ni Waafrika kweli walikufa pale, au ni jina tu?

Mwendesha Taratibu

La tatu kwanza. Divisheni ile ilichanganya Walgeria, Watunisia, Wafaransa wa Afrika Kaskazini na Jeshi la Kigeni, kikosi cha Ufaransa kinachoandikisha wageni. Kwa hiyo ndiyo, Waafrika wengi walikufa kwenye mteremko ule. Mnara wao uko hatua chache kutoka ule wa Wakanada, mabasi mengi hayasimami, simama wewe. Lorette kuna sehemu ya makaburi ya Waislamu, mawe yameelekezwa Makka. Na ukiwa na siku ya ziada, kaskazini kidogo, Neuve-Chapelle, kuna mnara wa Wahindi wenye majina zaidi ya 4,700. Historia haikuishia vitani pia: baada ya 1919 makaa yaliwaleta Wapolandi kwa maelfu, na kwenye miaka ya 1960 na 1970 Wamorocco wakashushwa kwenye mashimo yaleyale ambayo tayari yalikuwa yanapangwa kufungwa. Vijijini bado unaona majina ya Kipolandi na ya Kiarabu kwenye mabango ya maduka, yamekaa jirani.

Treni za mkoa (TER) zinabeba baiskeli, Arras na Lens zote zina stesheni. Saa za watu kwenda kazini epuka.

Usalama: madereva walinipa nafasi. Lakini kuna sheria moja itakayokushtua, kipaumbele cha kulia. Kijijini, kama hakuna alama, gari linalotoka kichochoro cha kulia lina haki ya kuingia mbele yako hata kama wewe uko barabara kubwa. Kila kichochoro cha kulia, vidole viwe kwenye breki. Kuanzia Oktoba malori ya bitiruti yanaacha tope kwenye lami, linateleza kama sabuni. Na wakulima wakilima bado wanafukua mabomu ya vita kila mwaka, wanayaweka kando ya shamba yasubiri kuchukuliwa. Ukiona chuma chenye kutu chenye umbo la chupa, usikiguse, usikisogeze kwa ajili ya picha.

Nyuma ya nyumba kuna njia zilizokuwa reli za migodi, wanaziita cavaliers. Nyingine ni lami safi, nyingine changarawe. Zinakuokoa na magari, na zinakupitisha uani kwa watu, kwenye bustani zao za mboga.

Siku ya tatu nilikwenda mashariki, upepo mgongoni, kama kilomita 60. Cheni Kavu amenimalizia Arenberg, nami sina la kuongeza ila kwamba mikono ilinitetemeka hadi usiku. Kabla ya hapo nilipita Méricourt, kwenye makaburi ya ajali ya Courrières. Tarehe 10 Machi 1906 mlipuko wa vumbi la makaa uliua watu 1,099 asubuhi moja, wengine watoto. Siku ishirini baadaye, watu wakiwa wameshakata tamaa, wachimbaji 13 wakatokea wenyewe kutoka gizani. Miongoni mwa waliokuja kuokoa walikuwa wachimbaji wa Kijerumani kutoka Westphalia, na vifaa vyao vya kupumulia. Miaka minane baadaye Wajerumani walikuja tena kwenye vijiji vilevile, safari hii na mizinga. Kutoka pale hadi Lewarde, kwenye jumba la makumbusho ya uchimbaji, nilienda kimya, sikusikiliza hata muziki.

Mama Spoki

Wanangu, mbona hamjamtaja François Faber, yule mwendesha baiskeli wa mashindano? Ndiye anayeunganisha yote haya. Mtu mkubwa wa mwili, aliyewahi kubeba mizigo bandarini, raia wa Luxembourg. Alishinda Tour de France ya 1909 akichukua hatua tano mfululizo, na Paris–Roubaix ya 1913. Vita ilipoanza alijiunga na Jeshi la Kigeni. Aliuawa 9 Mei 1915 karibu na Carency, akiwa na miaka 28. Siku ileile ya Divisheni ya Morocco, maana kikosi chake kilikuwa ndani yake. Mwili haukuonekana. Carency iko chini ya Lorette, mleta uzi umeipita kwa umbali wa jiwe la kurusha. Mimi kila nikipanda pale namuwaza, alivyopenda hali mbaya ya hewa.

Msoma Ramani

Mama, shikamoo. Hilo la Faber sikulijua, na nimelikalia tangu asubuhi. Mleta uzi, ana alama yoyote pale? Na kama mtu anaenda na baiskeli, anafanyaje, anaingia vipi? Nauliza kwa nia ya kwenda.

Mwendesha Taratibu

Ana kibao cha kumbukumbu ndani ya kanisa la Lorette, katikati ya makaburi. Baiskeli niliiegemeza nje ya lango, kwenye uzio, upande wa maegesho. Viatu vyangu vina klipu za chuma, na hatua ya kwanza tu kwenye sakafu ya kanisa ililia hadi mzee mmoja aliyekuwa amepiga magoti akageuka. Nikarudi mlangoni nikavivua, nikaviacha nje pamoja na kofia. Nikaenda kusoma jina lake na soksi zilizolowa. Yule mzee alipotoka alivikuta viatu vyangu njiani, akaviinua, akavisogeza ukutani kusikofikiwa na mvua, akaenda zake.

Mama Spoki

Marahaba mwanangu Msoma Ramani. Nenda mwezi wa tano. Beba soksi kavu.